Kipaza Sauti Kwenye Kiti cha Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na mbili, na hakuna mteja aliyewahi kumdanganya kuhusu kiuno chake. Mwongo alikuwa yeye mwenyewe, na uongo wake ulikuwa mmoja tu: kwamba anasikia vizuri. Cherehani za kiwandani zilimla masikio kidogo kidogo, na sasa maneno yalimfikia vipande vipande. Akiulizwa jambo, hujibu, "Ndiyo, ndiyo," halafu anaomba Mungu lisiwe swali la kwa nini. Aliogopa watu wakijua wataanza kumsemesha kwa kelele kama anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto.

Mumewe, mpima viwanja mstaafu, naye alikuwa na ugonjwa wake. Alinunua amplifaya ya hom thieta, mashine ya kuipa televisheni yao sauti ya sinema. Si amplifaya hivi hivi: spika saba, besi ukubwa wa stuli, na rimoti yenye vitufe vingi kuliko meno ya nyumba nzima. Ilishika redio za dunia yote. Ukibonyeza hapa sebule inakuwa uwanja wa mpira, ukibonyeza pale inakuwa ukumbi wa harusi. Wiki ya kwanza taarifa ya habari ilisomwa kama vile msomaji katumbukia kisimani.

"Haijapimwa bado," mzee alijitetea, kitabu cha maelekezo mkononi. Kitabu kilisema kipaza sauti kidogo kisimamishwe pale anapokaa msikilizaji. Mashine ingepiga milio kwenye kila spika, ijipime yenyewe, na watu wote wakae kimya. Hapo mpima viwanja aliona kazi yake imemfuata nyumbani. Jumamosi asubuhi alizima feni, akafunga madirisha, akakisimamisha kipaza sauti kwenye kiti chake.

"Mama Pacha, nikibonyeza, hata kukohoa marufuku."

"Bonyeza bwana, mimi nakunja pindo langu tu."

Akabonyeza. Mama Pacha alishona, akasubiri, akachoka kusubiri.

"Mbona huanzi?"

Mashine ikakatisha kazi. Kioo chake kikaandika: kelele zimezidi. Mzee akaguna, akaanza upya. Punde si punde mkewe akatikisa kichwa.

"Hiyo imekufa, Baba Pacha. Warudishie wenyewe."

Kelele zimezidi. Mara ya tatu Mama Pacha alipoinua macho kutoka kwenye sketi, alikuta mumewe haangalii mashine. Anamwangalia yeye.

"Kwani imeanza?"

"Inalia tangu ulipotunga uzi," mzee akasema taratibu. "Sasa hivi inalia nyuma ya kisogo chako."

Aibu ikampanda mpaka shingoni. Miaka mitatu aliwahadaa watoto, majirani na wateja, leo kakamatwa na kijidude kisichozidi kifungo cha koti. Akainamia sindano, akingoja maneno. Badala yake mzee alikichukua kipaza sauti, akamwambia, "Inuka kidogo," akakiweka kwenye kiti cha mkewe.

"Si mwenye mashine ni wewe?"

"Fundi, wewe nguo unampima nani? Anayenunua kitambaa au anayevaa?"

Mama Pacha alisimama mlangoni, mdomo kaubana, mpaka mashine ikamaliza. Kisha mzee akapekua kurasa, akakuta kitufe cha kupandisha sauti za watu na kuushusha muziki, akakibonyeza hadi mwisho.

Jioni wakaketi kutazama tamthilia yao. Mama Pacha akakaa wima. Maneno yalikuwa yanamjia mazima, moja moja, mpaka mwisho wake. Yule mrefu mwenye ndevu akasema, "Mke wangu, nisikilize."

"Mke wake?"

"Ndiyo. Tangu mwanzo."

"Mimi nilijua kaka yake! Mwaka mzima nawashangaa wanavyokumbatiana, nasema hawa wana malezi gani!"

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu, na mkewe akacheka naye, kisha machozi ya kicheko yakageuka machozi ya kweli.

"Nimepitwa na mengi, Baba Pacha."

"Najua."

Akajifuta kwa kanga. "Jumatatu nipeleke kwa daktari wa masikio. Na hii tamthilia nirudishie kuanzia sehemu ya kwanza."

"Mama Pacha, ziko mia moja na arobaini."

"Kwani una safari?"