Vishikizo Viwili Baada ya Jua Kutoka

Kwa miaka ishirini na tisa Fidencio Telles alinyoosha reli isiyompeleka mtu popote. Ilianzia jangwani ikaishia jangwani, zaidi ya kilomita kumi na tano za chuma kilichonyooka katika bonde la Tularosa, milima ya Sacramento ikiwa mashariki na mchanga mweupe magharibi. Juu yake hakupita abiria hata mmoja. Kilichopita ni toroli la roketi: mtambo wenye viatu vinne vya chuma vilivyokumbatia vichwa vya reli, ukasukumwa kwa moto kwa sekunde chache, kisha ukazuiwa na maji yaliyowekwa kati ya reli mwisho wa njia. Jeshi lilipakia juu ya toroli hilo kila kitu ambacho hakuna aliyethubutu kukijaribu angani kwanza. Pua za makombora. Miamvuli ya kurukia. Viti vya kumrusha rubani nje ya ndege inayoanguka.

Baba yake Fidencio naye aliishi kwa reli. Alipiga misumari kwenye njia ya treni iliyoshusha magogo kutoka milimani, akafa na mgongo uliopinda. Reli ile ilipinda pia, kila kona ya mlima, na hakuna aliyejali, maana magogo hayana haraka. Ya mwanawe haikuruhusiwa kupinda hata kidogo. Kila baada ya hatua moja na kitu kulikuwa na kishikizo kilichoibana reli kwenye zege, na kila kishikizo kilikuwa na bolti za kuisogeza kushoto au kulia. Vishikizo vilikuwa maelfu. Fidencio alichungulia kwenye darubini, akalinganisha reli na alama za shaba zilizopandwa pembeni, akageuza spana kiasi cha kupumua, akachungulia tena. Kosa lililoruhusiwa lilikuwa unene wa nywele chache. Kwa mwendo ule, mpindo wa unene wa kucha ni sawa na jiwe njiani.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria moja iliyozidi zote: jua likigusa chuma, spana chini. Upande wa reli unaotazama mashariki ukipata joto kabla ya ule wa magharibi, reli inajikunja polepole, jicho halioni. Ukiinyoosha wakati huo, unanyoosha kitu ambacho jua limekipinda kwa muda tu. Jua likizunguka reli inarudi, na mpindo unaobaki ni wako. Kwa hiyo walianza saa kumi alfajiri na kumaliza kabla mlima haujawaka. Kisha Fidencio aliandika kwenye kitabu saa aliyomaliza, akatia saini. Bila saini hiyo roketi haikuwashwa, awepo jenerali au asiwepo.

Ilikuwa Juni mwaka 1983, na kwa Fidencio lilikuwa jaribio kubwa la mwisho. Angestaafu mwisho wa Julai. Kilichokuwa kikijaribiwa ni kiti kipya cha rubani, na kwenye kiti walimfunga mtu wa sanamu ambaye mafundi walimwita Tomasito. Wageni wa jeshi walikuwa wamesafiri kuja kumtazama Tomasito akiruka.

Asubuhi hiyo choroa ndio walioharibu mambo. Wanyama hao waliletwa bondeni kutoka Kalahari ili wawindwe, wakazaana, na sasa kumi na wawili kati yao walikuwa wamesimama juu ya njia wakinywa maji ya kuzuilia toroli. Fidencio na mwenzake Nazario Montoya waliwafukuza kwa gari, kwa honi, kwa kupiga ndoo. Dakika arobaini zikapotea.

"Kompadre, huyu dume ananitazama kama nimemwoa dada yake," alisema Nazario, akiwa nusu nje ya dirisha la gari. Alikuwa baba wa ubatizo wa binti wa kwanza wa Fidencio, na tangu siku hiyo waliitana kompadre, si kwa majina.

"Mpigie honi, usimpigie hadithi."

Choroa walipoondoka, Nazario alikwenda na gari mbali huko mwisho wa njia kujaza tena maji. Fidencio alibaki peke yake na vishikizo vyake. Vya kunyoosha asubuhi hiyo vilibaki vinne. Kisha vikabaki viwili, na juu ya mlima kukawa kweupe. Alijiambia kwamba ule ni mwanga tu, jua lenyewe bado. Akafanya cha kwanza. Akafanya cha pili. Akafunga darubini kwenye sanduku lake, akaandika kwenye kitabu: saa kumi na mbili kasoro robo. Hakutazama saa yake ya mkononi. Alitia saini.

Saa tatu Fidencio na waongozaji walikuwa ndani ya chumba cha zege cha kuongozea majaribio, Nazario akiwa nje kwenye njia. Kipaza sauti kilikuwa kikisoma orodha, jambo moja baada ya jingine, na kila fundi alijibu "tayari" kutoka mahali pake. Wendell Prather, mtu wa Texas mwenye tumbo na sauti ya mhubiri, ndiye aliyeongoza.

"Fidencio, Tomasito anauliza kama reli ni laini," alisema Prather. "Anasema mara ya mwisho alivunjika shingo."

"Mwambie alipe nauli kwanza."

Wakacheka. Fidencio aliketi pembeni na kufungua mkate wa bapa aliofungiwa na mkewe, viazi na pilipili ya kijani ndani. Alipoushika chini ya taa, kivuli cha mkono wake kililala juu ya meza. Akaacha kutafuna.

Alikumbuka kishikizo cha pili. Alikumbuka spana, na chini ya spana, juu ya chuma, kivuli cha mkono wake, cheusi, chenye kingo kali. Mwanga wa alfajiri hautengenezi kivuli cha namna hiyo. Alikuwa amekiona wakati ule ule. Alikiona, akageuza spana, akaandika saa ya uongo.

Aliweka mkate chini. Vishikizo viwili kati ya maelfu. Huenda havina kosa lolote. Mkono wa miaka ishirini na tisa haukosei kirahisi hivyo. Wiki saba tu zimebaki, halafu keki, picha ya kikosi kizima, na watu wakisema kwamba Don Fidencio hakuwahi kusimamisha jaribio hata moja. Ndilo jina alilokuwa nalo bondeni, na hakuwa na jingine. Hakuwa na cheo wala shule ndefu. Alikuwa mtu ambaye akisema imenyooka, imenyooka.

Lakini vishikizo vile viwili vilikuwa karibu na mahali kiti kingefyatuka. Toroli likigongwa pale, kiti kingetikisika wakati ule ule wa kuruka. Wahandisi wangesoma mtikisiko huo kwenye karatasi zao na kudhani ni wa kiti. Wangebadilisha kitu kizuri, au wangeacha kitu kibovu, na siku moja kijana fulani mwenye ndege inayowaka angevuta mpini akiamini namba ambayo ndani yake mlikuwa na uongo wa nusu saa hivi. Dunia imejaa namba za namna hiyo, zilizotiwa saini na watu wenye haraka, na wanaozilipia hawajui hata majina yao.

Kulikuwa na desturi kwenye njia ile. Mtu yeyote, awe kanali au mpishi, angeweza kusema "simama" na hesabu ingesimama pale pale, bila swali. Ila aliyesema alipaswa kutoa sababu kwa mdomo wake mwenyewe, kwenye kipaza sauti, kila mtu akisikia, kuanzia mafundi waliokuwa kwenye toroli hadi wageni kwenye jukwaa.

"Waangalizi wa njia?" kilisoma kipaza sauti.

"Tayari," alijibu Nazario kutoka mwisho wa reli.

"Reli?"

Fidencio alisogelea kipaza sauti. "Simama," alisema.

Prather aligeuka kwenye kiti chake. Mwanamke aliyeshika kitufe cha kuwashia aliondoa mkono wake na kuuweka mapajani.

"Sema sababu," alisema Prather.

"Vishikizo viwili vya mwisho nilivifanya jua likiwa limeshatoka. Saa niliyoandika kwenye kitabu si ya kweli. Ni mimi peke yangu. Montoya hakuwepo."

Kipaza sauti kilikoroma kidogo. Prather alizima swichi, akamsogelea.

"Basi twende ukavipime. Nina nusu saa."

"Havipimiki sasa. Chuma kimeshapata moto. Nikipima saa hizi nitapima jua, si reli. Mpaka kesho alfajiri."

"Kesho. Unajua nani amekaa kule nje kwenye jukwaa?"

"Najua."

"Wana ndege saa kumi jioni. Mzee, ungeniambia saa moja, tungepanga."

"Saa moja nilikuwa sijajiambia mwenyewe," alisema Fidencio.

Prather alimtazama kama anayetafuta mahali pa kumpiga akapakosa. Kisha akawasha swichi na kutangaza kwamba jaribio limeahirishwa. Nje, magari ya wageni yalianza kuondoka moja moja, vumbi jeupe likiyafuata.

Nazario alirudi na gari, akalizima, akabaki ameshika usukani.

"Ungeningoja," alisema. "Kidogo tu. Tungeandika vishikizo viwili havijafanyika, wangesogeza jaribio, basi. Kila mwaka inatokea."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini?"

"Sikutaka neno hilo, 'havijafanyika', liandikwe na mimi," alisema Fidencio. "Miaka ishirini na tisa sijawahi kuliandika."

"Basi leo umeliandika kubwa zaidi, kompadre. Umelisoma na redioni." Akawasha gari. Wakashika njia ya La Luz, nyumbani.

Mkewe, Orlinda, alikuwa ameshasikia. Bonde lile ni pana lakini habari hazina mbali pa kwenda. Alimkuta Fidencio anavua viatu mlangoni.

"Wamekufukuza?"

"Bado."

"Basi nawa mikono, ule."

Alfajiri iliyofuata walirudi wanne: Nazario, Prather, mhandisi kijana aliyeitwa Kessler, na Fidencio. Prather alikuwa amesema Fidencio asiguse kitu. Kwa hiyo alisimama hatua kumi kutoka kwenye reli, mikono mfukoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mahali pale, na akamtazama mwenzake akiinama kwenye darubini. Nazario alichukua muda mrefu. Alipima kila kishikizo mara tatu.

"Cha kwanza kiko sawa," alisema. "Sawasawa kabisa."

Akasogea. Akapima. Akafuta kioo kwa shati, akapima tena.

"Cha pili kimetoka nje. Mara mbili ya kinachoruhusiwa."

Prather alimgeukia Kessler. "Kingefanya nini?"

Kijana alikuna shingo. "Labda kisingefanya kitu. Ungeweza kupitisha toroli mara mia. Au ungeona mtikisiko kwenye karatasi, na usingejua umeona nini."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo jibu, bwana. Hakuna jingine."

Fidencio alikuwa amekesha akiomba lipatikane moja kati ya mawili: viwe vizuri vyote, aonekane mzee mwenye woga wa bure, au viwe vibaya sana, aonekane aliyeokoa kitu. Alipewa hili la katikati, ambalo halimpi mtu heshima wala halimwondolei aibu. Alilisikiliza likimwingia. Aligundua kwamba lingekuwa lile lile hata kama vishikizo vyote viwili vingekuwa vimenyooka. Kilichopinda kilikuwa kwenye kitabu.

Prather alifungua kitabu juu ya boneti ya gari, akapiga mstari juu ya saini ya jana.

"Siwezi kukurudishia kalamu ya kutia saini," alisema, kwa sauti ya chini kuliko yake ya kawaida. "Ungekuwa mtu mwingine ningekufukuza. Ungekuwa mtu mwingine pengine nisingejua kabisa. Utamalizia na watu wa maji."

"Sawa, bwana."

Watu wa maji walikuwa vijana wa kupanga mabwawa madogo ya plastiki kati ya reli na kuyajaza kwa mpira wa maji, kazi ya mwezi wa kwanza wa mtu yeyote aliyeajiriwa pale. Fidencio aliifanya kuanzia asubuhi hiyo. Alikunja suruali, akashika mpira.

Siku nne baadaye walipanga jaribio tena. Nazario ndiye angetia saini, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kabla hakujapambazuka alikuja mpaka kwenye mabwawa, kitabu kikiwa chini ya kwapa.

"Kompadre, njoo tutembee wote. Sehemu ile ya kiti tu. Utazame kwa jicho lako, basi."

Fidencio aliacha maji yaendelee kutiririka. Alitaka kwenda. Magoti yake yenyewe yalitaka kwenda.

"Nikija utatia saini jicho langu," alisema. "Nenda peke yako."

"Na nikikosea?"

"Utasema simama. Sasa wewe unajua inavyosemwa, umeisikia."

"Ulikuwa na sauti mbaya," alisema Nazario.

"Ilikuwa mbaya sana."

Nazario alicheka kidogo, akapandisha suruali yake, akaanza kutembea kando ya reli na tochi, akiinama, akisimama, akiinama tena. Fidencio alimtazama mpaka tochi ikawa ndogo. Bwawa lililokuwa mbele yake lilikuwa limejaa na kuanza kumwagika. Akahamisha mpira kwenye lililofuata.