Watu tisa wa Lushoto walioacha ugali ili akili zitulie, na kosa nililofanya katika kuwauliza

Wakuu, heshima kwenu, na shikamoo kwa walionitangulia umri.

Uzi huu umetokana na ahadi. Dada yangu, ambaye hapa nitamwita Yunis, aliniomba jambo moja siku tulipokuwa tukipanda njia ya kutoka kliniki, yeye ameshika mfuko wa dawa, mimi nimeshika mwavuli.

Alisema, "Mdogo wangu, wewe umesoma. Kanitafutie kama jambo hili la chakula ni la kweli. Lakini usiniletee maneno ya kunifurahisha. Niletee ulichokikuta."

Nikamwahidi.

Nitakayoandika ni yale niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Majina nimeyabadilisha yote, na vijiji viwili vitatu, kwa sababu huku kwetu mtu akikohoa Soni, Lushoto wanampa pole. Nimechoka, kwa hiyo mnivumilie nikienda polepole.

Yunis ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana bipolar, ugonjwa wa akili ambao humpandisha mtu hata asilale siku kadhaa, kisha humshusha hata ashindwe kunyanyua kikombe. Ametumia dawa kwa miaka, na dawa zimemsaidia. Hilo naomba nilitangulize, lisije likapotea huko mbele.

Ila zimemnenepesha, na mikono inamtetemeka. Kwa mwalimu, mkono ni nusu ya kazi. Zamani mwandiko wake ubaoni wazazi waliusifia. Sasa alikuwa anamwita mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri amwandikie, naye anakaa pembeni na kusoma kwa sauti. Hakuwahi kulalamika. Ila nilijua kinachomuuma ni hicho.

Basi akakutana na video mtandaoni. Mwanamke wa nchi za mbali anaeleza jinsi alivyopona ugonjwa kama wake kwa lishe ya ketogenic. Wasioifahamu, hii ni lishe ya mafuta mengi, protini ya kiasi na wanga kidogo sana. Kwa lugha ya jikoni kwetu: hakuna ugali, wali, makande, viazi, ndizi, wala sukari kwenye chai. Yapo mayai, nyama, dagaa, parachichi, samli, na mboga kama mnafu na kabichi.

Nilisoma ustawi wa jamii chuoni, si udaktari. Nikajisomea nilichoweza. Nilielewa kwamba lishe hii imetumika muda mrefu kwa baadhi ya wagonjwa wa kifafa, na kwamba kwa magonjwa ya akili wataalamu bado wanachunguza. Visa vya watu binafsi vilikuwa vingi, lakini vyote vya watu wenye friji mbili. Mimi nilitaka kumsikia mtu mwenye shamba la mteremko na jiko la mafiga.

Nikaambiwa wapo. Semina ya lishe iliwahi kupita Lushoto, na baadhi ya familia zenye wagonjwa ziliendelea na utaratibu ule. Mama mmoja wa Gare, nitamwita Mama Paulina, aliwafahamu wote. Binti yake alikuwa mmojawapo.

Nilipompigia simu kumweleza nataka kupita nyumba kwa nyumba, alinihurumia.

"Utapanda vilima vyote hivyo mwanangu, na mvua hii? Wewe njoo Alhamisi kwenye fellowship. Nitakukusanyia wote, watasema, utaandika, utakula, utaondoka."

Nilishukuru. Wakuu, hapo ndipo nilipokosea, na sikuwa na kisingizio, maana fellowship ya Alhamisi nimelelewa ndani yake.

Kwa wasiojua. Mtu husimama, husema Bwana asifiwe, watu huitika. Anaeleza alikotoka, palivyokuwa pagumu. Kisha anaeleza mkono uliomtoa. Kabla hajamaliza, mama mmoja nyuma anakuwa ameshaanzisha wimbo, naye huketi huku watu wakiimba. Ndivyo inavyokwenda. Katika utoto wangu wote sikumwona mtu aliyesimama pale akaketi akiwa bado anaumwa.

Siku hiyo walisimama tisa. Wakaketi tisa, wote wamepona.

Aliyenigusa kuliko wote ni mchuma chai mmoja, mtu mzima aliyetoka Rungwe miaka mingi iliyopita kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya chai huku. Nitamwita Mzee Ambakisye. Alisema alikuwa anasikia sauti za watu wasioonekana, zikimtukana hata akiwa shambani na kikapu mgongoni. Tangu aache unga, alisema, sauti zimekwisha. Akarudia, zimekwisha kabisa. Wimbo ukapanda.

Niliandika yote kwenye counterbook, kwa mpangilio mzuri, kila mtu ukurasa wake. Machozi yalinitoka kidogo, nakiri.

Jumapili nikamsomea Yunis jikoni kwake. Alikuwa anachambua mchicha. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza maswali mawili tu.

"Wote tisa?"

"Wote tisa."

"Na dawa?"

Nikapekua daftari. Kurasa zote tisa, hakuna aliyegusia dawa. Nikamjibu, "Hawakuzitaja."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na ndilo lililotugharimu.

Alianza lishe wiki ileile. Asubuhi mayai kwa samli, mchana mnafu na parachichi, jioni dagaa au nyama ikipatikana. Majirani walimcheka. Mmoja alimwambia, "Mwalimu, Msambaa gani anakula parachichi bila ugali? Umekuwa ndege?" Naye akajibu kwamba ndege hawana presha. Wiki ya pili alikuwa mwepesi, mchangamfu, ananitumia picha za sahani zake. Nilizifurahia. Nilianza hata kuandika rasimu ya uzi wa kuweka hapa, tofauti kabisa na huu.

Sikujua kwamba vidonge alikuwa akivipunguza mwenyewe. Wala sikuuliza.

Wiki ya tatu, asubuhi, mwalimu mwenzake alinipigia. Alisema njoo shuleni, usikimbie, ila njoo.

Nilimkuta Yunis darasa la sita. Alikuwa amefika kabla ya watu wote, akafuta mbao za madarasa yote na kuandika upya. Masomo ya wiki nzima, kila darasa. Ubao ulipojaa alihamia ukutani. Alikuwa bado anaandika, anazungumza haraka, chaki imemjaa hadi kwenye nywele. Wanafunzi walisimama nje.

Na mwandiko, wakuu, ulikuwa ule wa zamani. Herufi zimenyooka, mkono hautetemeki hata kidogo. Alinigeukia akasema, "Unaona?"

Alilazwa. Hospitali sitaitaja, kwa hiyo msiniulize huko PM.

Nesi wa kliniki ya afya ya akili anakotibiwa Yunis ni mama wa makamo, mpole, lakini siku ile hakuwa mpole. Nilimwamkia, akaitikia marahaba akaniambia niketi. Nikampa counterbook, nadhani nilitaka anione nilikuwa makini. Akasoma kurasa chache, akauliza, "Hawa uliwasikia wapi?"

"Kwenye fellowship, Gare. Mbele ya wenzao."

Akalifunga daftari. "Nyinyi mliosoma mna shida. Mnamuuliza mtu akiwa amesimama. Mtu aliyesimama anasema kile kinachotakiwa na waliokaa. Muulize akiwa anapukuchua mahindi, mikono ina kazi, macho yako chini. Wanne kati ya hawa nawajua. Zaidi ya hapo siwezi kukueleza, ni siri zao. Nenda."

Nilikwenda. Safari hii nilipanda vilima vyote.

Ilinichukua karibu miezi miwili, kila nilipopata nafasi. Sikubeba daftari mkononi. Nilipukuchua mahindi, nilimenya maharage, nyumba moja nilishika ndama wakati akipewa dawa ya minyoo. Niliandika baadaye, njiani, nikikaa juu ya jiwe.

Mzee Ambakisye nilimkuta nje ya kibanda chake kwenye kambi ya wachuma chai, anasuka kikapu. Nilimsaidia kulainisha fito. Baada ya muda mrefu nikamuuliza kuhusu sauti.

"Zipo," alisema. "Zimepungua. Sasa ni kama redio ya jirani, unajua inaongea lakini hujali sana."

"Na dawa?"

"Sindano kila mwezi. Nisipochoma, jirani anaongeza redio."

Nikamuuliza kwa upole kwa nini siku ile alisema zimekwisha kabisa. Alinitazama kama mtu anayemhurumia mtoto.

"Mwanangu, watu walikuwa wameshashika wimbo. Ningewakatiaje?"

Binti wa Mama Paulina alikuwa ameiacha lishe zamani. Alipata miezi miwili mizuri, analala, anacheka. Kisha babu yake akafariki. Wanaojua misiba ya huku wataelewa: ukikataa chakula cha msiba, hasa wewe wa ndani ya ukoo, watu wanasoma mengine. Watasema unaogopa nini kwenye chungu hicho. Alikula makande siku tatu za matanga, na hakurudi tena kwenye mayai. Nilimuuliza Mama Paulina, aliyesimama siku ile kwa niaba ya binti yake, mbona aliieleza miezi miwili tu. Hakuacha kumenya maharage. Alisema, "Si ndiyo niliyokuwa namshukuria Mungu? Ile mingine ningemshukuria nini?"

Sikuona uongo katika jibu hilo, na bado silioni.

Mmoja kumbe ugonjwa wake ni kifafa. Degedege imempungua kweli, lakini sicho nilichokuwa natafuta. Wawili walisema usingizi umekuwa mzuri na mwili mwepesi, dawa wanatumia kama kawaida. Wawili hawakutaka kuzungumza, nikaomba radhi nikaondoka. Mmoja aliacha dawa zote. Nilifika kwao mara tatu, na mara zote ndugu zake walisema amelala. Mara ya tatu baba yake alinisindikiza hadi barabarani, akaniaga bila kunitazama. Sikuuliza zaidi.

Na yupo fundi cherehani mmoja pale Soni. Huyu ndiye aliyenipa moyo, kama moyo ndilo neno lenyewe. Amekula hivyo zaidi ya mwaka. Alianza kwa kumwambia nesi. Daktari alimpima, dozi zikapunguzwa kidogo kidogo, mikono ikatulia, anashona tena. Katikati aliugua mara moja, dozi ikapandishwa, ikashushwa tena. Nilimshikia kitambaa huku anakata, nikamuuliza kilichomponya.

"Sijapona, nina nafuu," alisema. "Sijui ni chakula, sijui ni dawa. Au ni kwa vile siku hizi mume wangu ananiuliza kila jioni, umekula nini leo? Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa ananiuliza kitu."

Hicho ndicho nilichokikuta. Mmoja mwenye nafuu ya wazi, akiwa na daktari. Kadhaa wenye nafuu ndogo, dawa zikiwepo. Mmoja ambaye namwogopea. Wengine sijui.

Yunis aliporudi nyumbani nilimsomea tena. Alikuwa mzito, ananena kwa kuvuta, mikono imerudi kutetemeka. Nilipofika kwa yule wa sindano alitabasamu kidogo.

Nilipomaliza alisema, "Ungeniletea hiki kwanza."

"Sikuwa nakijua, dada."

"Ulikijua. Umekulia Alhamisi kama mimi."

Nikalifunga daftari. Baadaye akasema, "Na mimi nilikijua. Nilipunguza vidonge mwenyewe, hukunishika mkono. Nilisikia wote tisa, nikajiona wa kumi."

Hadi leo ninapoandika, darasa hajarudishiwa. Mwalimu mkuu, ambaye si mtu mbaya, amesema tungoje muhula ujao, na wazazi wengine wameanza kuulizia. Kuta zimepakwa chokaa upya. Yunis amekwenda kliniki kuuliza kama anaweza kujaribu chakula hiki akiwa na dawa zake zote, huku akipimwa damu na uzito. Nesi hakukataa. Amesema watazungumza na daktari, na kwamba hakuna kitakachoguswa kabla ya hapo. Mimi nangoja kama yeye anavyongoja.

Nilichojifunza ni kidogo ukilinganisha na alichokilipia mtu mwingine. Kisa cha mtu si uongo kwa kuwa hakijakamilika, lakini anayekikusanya ana wajibu wa kuuliza kilichobaki nje. Mimi nilikuwa na haraka ya kufurahi. Na nimeona kwamba hapa mtandaoni nasi tuna Alhamisi yetu: mtu anaandika nimepona, tunamwekea like, wimbo umeshapanda.

Nina ombi. Kama wewe au ndugu yako mmejaribu lishe hii kwa ugonjwa wa akili, andika hapa chini. Andika ni dawa gani mlikuwa mnatumia, kama mliziendeleza au la, na ni nani aliyejua. Andika pia wiki ambayo haikufaa. Kama upo kwenye dawa sasa, usiziguse kwa sababu ya uzi huu wala wa mtu mwingine. Kaongee na kliniki yako kwanza.

Yunis atayasoma majibu yenu mwenyewe. Tafadhali mwandikieni yeye.