Sombe Yenye Chumvi ya Watu Wawili

Nilizaliwa Butembo, katika nyumba ya viazi. Mama yangu alilima viazi kule Kipese, na kwetu mboga ni maharagi na lengalenga. Sombe, yale majani ya muhogo, nilikula kwa majirani tu. Kwa hiyo nilipoolewa Beni, na wakwe zangu wakatuma habari kwamba watakuja kula sombe kwetu Siku ya Mungu, yaani Jumapili, ilifaa niseme ukweli kwamba sijui kuipika. Sikusema.

"Watakula sombe yangu mpaka wasahau kurudi kwao Mangina," nilimwambia mume wangu.

Yale majani niliyatwanga vizuri. Nani anashindwa kutwanga? Kisha nikayatia kwenye sufuria pamoja na chumvi, nikafunika, nikaweka jiwe juu ya kifuniko ili yaive mbio. Nikaenda kujipamba.

Mama mukwe alishuka kwenye pikipiki ya baba mukwe, akanisalimu, akanusa. Hakukaa. Alienda moja kwa moja jikoni, akaliona jiwe.

"Mwanangu, huyu sombe ulimufunga juu ya nini? Aliiba?"

Nilicheka kwa haya. Akatoa jiwe, akafunua.

"Sombe hapana funika wakati inaanza kutokota. Iko na ukali ndani. Acha itoe mvuke, ile ukali iende. Na hapana iharakishe. Sombe haiogopake saa."

Akachochea makaa, akakata vitunguu na bilinganya, akamwaga mawese. Halafu akanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi, akatia kiganja kizima.

Niliona. Lakini mukamwana wa wiki tatu atamwambiaje mama mukwe kwamba chumvi imo tayari? Angeniuliza tu ni nani aliyenifundisha kuitia mwanzoni. Nikageuka kuosha sahani.

Tulikula saa kumi. Baba mukwe alimega bugali, akachovya, akatafuna, akanywa maji. Akamega tena, akanywa tena. Mwisho akauliza kwa adabu kabisa:

"Bamama, hii iko sombe ao iko dawa ya minyoo?"

Mume wangu aliangalia dari. Mama mukwe akaonja. Kisha akanitazama, nikajua ameshaelewa yote.

"Chumvi ya siku hizi iko kali sana," akasema.

"Kabisa, mama," nikajibu.

Tulipoingia jikoni alinikamata sikio.

"Uliniona natia?"

"Nilikuona, mama."

"Na ukanyamaza!"

"Niliogopa."

"Lakini unaogopa nini? Mutu akikosa jikoni, mwambie. Hata bazee banakosaka." Akaniachilia, akashusha sauti. "Na mimi nilipashwa kuonja kwanza."

Tuliomba majani mengine kwa jirani, tukayatwanga sote wawili, tukayatokosa peke yake bila chumvi wala kifuniko. Tuliyachanganya na ile ya chumvi, tukaongeza karanga za kusaga. Ikawa sombe ya kutosha siku tatu, tena nzuri.

Baba mukwe hakungoja kuionja. Alivaa koti, akapanda pikipiki, mama mukwe nyuma yake, na kabla ya kuondoka aliniita karibu, akaniomba taratibu chupa ya maji ya njiani.