Jirani Hahami Nawe

Juzi bandarini Wesha, kijana mmoja alikuwa akipatana mshahara wa kazi ya Dar es Salaam, kafungua spika ya simu, sote twasikia. Bosi akamuuliza hapa Pemba chakula chamgharimu kiasi gani. Mjinga akasema kweli: "Sinunui, bosi. Muhogo wa mama, samaki wa ami, nazi za jirani."

"Basi mshahara wako wa huko utakutosha na huku."

Nikamfinya. "Mwambie jirani hahami nawe."

Akamwambia hivyo hivyo. Bosi akacheka, akapandisha.

"Ahsante, bibi."

"Kamshukuru jirani yako."

Jioni nami nikakuta shelisheli mlangoni kwangu. Aliyelileta hata hodi hakubisha. Alhamdulillahi. Kwa bei za Dar, nilikula nusu mshahara wa mtu.