Upepo Ishirini na Mbili

Asubuhi za Nyololo zilinukia mpira na mbao mbichi. Mbao zilikuwa za malori yaliyotoka misitu ya Mufindi; mpira ulikuwa wa kwetu, kibanda cha pancha cha mama kando ya barabara kuu, chenye kompresa iliyokohoa kama mzee kila ilipowashwa. Baba alituachia kibanda hicho alipofariki. Babu, baba yake baba, alimpa mama muda hadi sikukuu ya mavuno: wateja wasipopatikana, arudi kijijini Kilolo kulima viazi. "Pancha siyo kazi ya mama," alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Nilikuwa binti wa miaka kumi na mmoja, na jembe nililichukia kwa moyo wote.

Ufundi mama alikuwa nao. Tatizo ni kwamba madereva wa mbao hawakupenda kuelekezwa na mwanamke. Walizoea kujaza upepo mpaka tairi lilie likigongwa kwa spana, kwa kuwa mzigo ulitaka hivyo, kisha wakaamini kila chenye magurudumu kinataka hivyo, hata baiskeli ya katekista. Mama alitumia geji, kile kipimo cha upepo, na msomaji wa geji nilikuwa mimi. Alinifundisha kupima kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi lililopata joto husema uongo.

Mwezi ule vijana waliandaa mbio fupi kwenye kipande cha barabara ya zamani kilichofungwa baada ya kujengwa mpya. Baba Neema, dereva wa teksi, alitaka kushindana na kijana wa Mbeya mwenye gari jekundu na matairi mapana yanayong'aa. Mafundi wengine walimcheka, akaja kwetu. Mama aliizunguka teksi yake mara mbili. Akang'oa matairi magumu ya mzigo yaliyokuwa nyuma, kunakosukuma gari, akachagua mawili ya mpira laini yenye kashata nzima, yale meno yanayoshika barabara. Ya mbele alijaza upepo thelathini na tano ili yabingirike kwa wepesi. Ya nyuma aliniambia niyapunguze mpaka ishirini na mbili. Nilisoma geji mara mbili kabla ya kuinuka.

"Mama Tumaini, unaniulia gari," alisema Baba Neema. Tumaini ni mimi. "Hiyo tairi si imelala?"

"Imelala ili ishike lami, shemeji. Wewe anza taratibu, ikishashika ndo ukanyage."

Madereva wa mbao walikuja na vicheko vyao, tena walikuwa wamemjazia kijana wa Mbeya upepo wa lori. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kitambaa cha kuanzisha mbio kiliposhushwa, gari jekundu lilinguruma, magurudumu yakazunguka palepale, moshi mtupu. Teksi yetu iliondoka kimya, na ilimaliza mita mia nne mwenzake akiwa bado anayumba nyuma. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Mama hakushangilia. Alimzuia Baba Neema kuondoka, tukasubiri matairi yapoe, nikayajaza tena hadi thelathini, maana tairi lenye upepo mdogo kwenye safari ndefu huchemka na kupasuka. Nadhani hilo ndilo lililowanyamazisha madereva kuliko ushindi wenyewe. Jumatatu malori matatu yalipanga foleni kwetu, na dereva mmoja aliniuliza, "Fundi ameshafika?" Sikukuu ya mavuno babu alikuta benchi limejaa wateja. Alikunywa chai yake amesimama, na Kilolo hakuitaja. Mwenye macho haambiwi tazama.

Siku hizi nina gereji yangu mjini Mbeya. Geji zetu zinaonyesha namba kwa taa, na vijana huja na simu zenye majibu ya kila tairi duniani. Mimi bado nawaambia wasubiri lipoe. Kompresa haikohoi. Nina mafundi wanne, wawili wao ni wanawake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupewa muda wa kurudi shambani.