Pamba Kwenye Pindo la Kanga

Naomba niseme mapema kabla hamjaanza kunicheka: mimi ndiye yule mwanamke wa Kishapu aliyevuliwa kanga kwenye uwanja wa ndege wa watu, mbele ya wazungu, mbele ya askari, mbele ya mwenyekiti wangu ninayemheshimu kama baba, na kama yangeishia kwenye kanga tu leo ningekuwa nawasimulia huku nacheka pamoja nanyi. Aibu ya kanga ilishapita, imebaki nyingine, na hiyo nimemwambia mtu mmoja tu, tena kwa kulazimika.

Mnanijua nilivyo. Nimefundisha shule ya msingi miaka ishirini na nane (watoto wa darasa la saba walikuwa wakisikia tu viatu vyangu wananyamaza), nikastaafu nikarudi kwenye pamba, na kwa kuwa nina Kiingereza cha kuombea maji wakanifanya katibu wa kikundi chetu cha wakulima. Basi kampuni moja inayonunua pamba ikatangaza kwamba kikundi kitakachofanya vizuri kitapeleka watu wanne kutembezwa Turkmenistani, nchi ya huko Asia ya Kati ambayo karibu yote ni jangwa lakini inalima pamba mpaka unashangaa, na tukashinda sisi. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kulitamka hilo jina, mji wetu mzima wa Mhunze ukasema tunakwenda Ulaya, nami sikuwasahihisha. Binti yangu Minza, aliyeolewa Geita, akanitumia kwa basi sanduku la magurudumu, na mwenyekiti wetu, Mzee Ng'wandu, ambaye ana miaka sabini na kitu na hajawahi kukiamini chakula cha ugenini, akajaza begi zima michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akasema huko jangwani tutamshukuru.

Kule mgeni hatembei peke yake. Mnapokelewa na mwongozaji uwanja wa ndege, anakuwa nanyi hotelini, mezani, kwenye gari, mpaka siku anapowarudisha uwanja ule ule, na mwongozaji wetu alikuwa binti mmoja anaitwa Jeren, mwembamba, nywele kasuka msuko mmoja mrefu, kibali chake cha kazi kaning'iniza shingoni. Siku ya kwanza tu aliniita Mama, kwa sababu alisema nalingana na mama yake anayeishi naye pamoja na mtoto wake mdogo, na wote watatu wanakula kwa hicho kibali. Halafu akatuambia kwenye gari, sisi wanne na wazungu sita tuliounganishwa nao, kwamba ana ombi moja, tufuate masharti, maana tukikosea sisi anayeulizwa ni yeye. Alisema huku anatabasamu. Nikawatafsiria wenzangu, nikaongeza na ukali wangu wa darasani.

Tukatembezwa. Tuliona mji wa majumba meupe ya mawe, barabara pana ambazo hazina watu, tukaingia jangwani siku mbili tukaona ngamia, tukaona shimo kubwa ardhini linalowaka moto wa gesi mchana na usiku bila mtu kulichochea. Mzee Ng'wandu alisimama pale muda mrefu mikono nyuma, mwisho akaniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, huu moto wanampikia nani?" Jeren akataka kujua amesemaje, nikamwambia, akacheka mpaka akafuta machozi, na tangu hapo akawa kila tukishuka garini anamshika mzee mkono.

Siku ya nne tukapelekwa kwenye pamba. Jeren akatuonya kabla ya kushuka kwamba shambani tunaangalia tu, hakuna kupiga picha askari wala mitambo, na hakuna kuchukua chochote, mbegu hasa, kwa sababu mbegu haziruhusiwi kutoka nchini. Nikawageukia wenzangu nikasema, "Hakuna kuokota hata jani, mnanisikia? Mzee, na wewe pia." Mzee akaitikia kama mtoto wa shule, "Ndiyo, Mwalimu."

Sasa jamani, ile pamba. Mnakumbuka sisi msimu uliofuata ushindi wetu tulivyopanda mara mbili, mbegu za kwanza zikaoza ardhini, za pili zikaota kidogo jua likazimaliza, mpaka nikawa napita shambani kwangu najificha watu wasione ninavyolia. Halafu nisimame katikati ya jangwa la wenzetu nione vitumba vikubwa vimefunguka vyeupe mpaka chini. Niliona wivu, sisemi uongo. Pembeni kulikuwa na bibi mmoja anavuna, tukatazamana, akanionyesha viganja vyake vilivyochanwachanwa na maganda ya pamba, nami nikamwonyesha vyangu, tukacheka wote wawili bila lugha, nikamwambia "wabeja", yaani asante, kwa sababu pale Kisukuma na Kiingereza vilikuwa sawasawa tu.

Na ninyi mnajua desturi yetu. Ukipita shambani kwa mtu ukaona mbegu nzuri, unaisifia, unachukua kidogo, mwenyewe anaona na anafurahi, wala hakuna anayeuita huo wizi (mtama aliokuwa akilima mama yangu mbegu yake ilitoka Ushetu kwa namna hiyo hiyo, safarini, ndani ya kitambaa). Wenzangu walipotangulia kwenda kuangalia mfereji wa maji, nikabaki nyuma kidogo, nikachuma vitumba vinne, nikavibana kiganjani, nikavifunga kwenye pindo la kanga niliyojifunga ndani ya gauni, pale pale tunapofunga hela ya nauli. Bibi aliniona, akaendelea kuvuna. Mimi nikahesabu kwamba amenipa.

Siku ya kuondoka nilikuwa nimeshasahau kama nina hatia. Tumefika uwanja wa ndege, Jeren katupanga mstari, kabaki nyuma ya kamba anatupungia, mimi napita kwa askari wa kike anayepapasa watu, mkono wake ukafika kiunoni ukagota. Akauliza nini hiki. Hapo ningesema pamba, labda ningepigwa kelele, wangeitupa, tungepanda ndege. Nikasema kwa Kiingereza, "Dawa," nao wakasikia dawa za kulevya.

Neno moja hilo. Mstari ukasimamishwa, akaletwa mbwa, mabegi yetu yote kumi yakarudishwa yakafunguliwa juu ya meza moja baada ya jingine, begi la Mzee Ng'wandu likamwagwa, michembe ikatapakaa, askari mmoja ananusa kipande, mwingine anakivunja anatazama ndani, na mzee wa watu amesimama kwenye soksi kashika suruali maana mkanda wamechukua. "Mayu, wanatafuta nini?" akaniuliza. Nikamjibu, "Ni utaratibu wao tu, baba." Halafu yule askari wa kike akaona afungue mwenyewe lile fundo, na mafundo yangu mnayajua, akavuta, likagoma, akavuta kwa nguvu, kanga nzima ikaja, ikashuka mpaka kwenye visigino, na ile pamba niliyokuwa nimeibana siku tatu ikafumuka ikaanguka sakafuni, nyeupe, inaongezeka tu kama maziwa yanayofurika sufuriani. Mzungu mmoja akaanza kutazama dari. Mwingine akakohoa. Mimi nimesimama na kanga miguuni, mwalimu mstaafu, katibu wa kikundi, mtu aliyewakataza wenzake hata jani.

Akaja mkubwa wao. Hakuwa mkali, na hilo ndilo baya, alikuwa mtu mpole anayetaka kumaliza kazi yake. Akamwita Jeren avuke kamba. Jeren akaja haraka akidhani nimeugua, akaiona pamba sakafuni, uso ukamwisha rangi. Yule mkubwa akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu ili nielewe, nani amenipa. Akaeleza kwamba kama nimechukua mwenyewe nitabaki kutoa maelezo, ndege itaondoka, kesho au keshokutwa tutaona, na kama nimeruhusiwa na mwongozaji basi hilo ni la kwao wenyewe, mimi naweza kwenda. Nikafikiria kulala mahabusu ya nchi ambayo hata jina lake silitamki vizuri. Nikafikiria watu wa Mhunze watasemaje. Sikufikiria zaidi ya hapo, nikasema, "Aliniruhusu yeye."

Jeren hakupiga kelele. Alinitazama akasema, "Mama, tafadhali, waambie." Akarudia, "Mama." Nikatazama michembe iliyomwagika mezani. Wakaniletea karatasi ya maandishi nisiyoyajua, wakanionyesha pa kuweka sahihi, nami nikaweka sahihi yangu nzuri ya ualimu yenye mkia. Wakamwambia avue kibali. Akakivua mwenyewe, kamba ikanasa kwenye msuko wa nywele, akaitegua polepole, akakiweka mezani, wakaondoka naye kwenye mlango wa pembeni.

Wenzangu hawakuelewa hata neno moja, maana mkalimani wao nilikuwa mimi. Tulipokaa kwenye ndege Mzee Ng'wandu akaniuliza, "Yule binti mbona hakutuaga?" Nikamwambia amebaki kuweka karatasi sawa. Akasema alitaka kumwachia michembe iliyobaki, ampelekee mtoto wake. Nikafumba macho nikajifanya nimelala mpaka Istanbuli.

Nyumbani mlitupokea kwa ngoma, mnakumbuka. Mzee akasimulia habari ya kanga kuanguka, mkacheka mpaka mkakaa chini, nami nikacheka zaidi yenu, nikaigiza na yule mzungu anavyotazama dari, kwa sababu niligundua kwamba watu wakishacheka kiasi kile hawaulizi tena kilichofuata.

Baada ya mwezi mmoja ikaja barua pepe. Jeren aliandika kwamba hajarudishiwa kibali, ila ameambiwa ikipatikana barua ya kikundi chetu yenye muhuri, inayosema wazi kwamba nilichukua mwenyewe bila yeye kujua, shauri lake litaangaliwa upya. Hakunitukana. Alimalizia kwa kusema mama yake ananisalimu.

Barua ya namna hiyo ni kazi ya nusu saa. Lakini muhuri wa kikundi anatunza mwenyekiti, na mwenyekiti hagongi muhuri kwenye kitu asichokijua, kwa hiyo nikasema niache kwanza tumalize kulima. Tulipomaliza kulima kukawa na msiba kwa jirani. Baada ya msiba mvua zikashika. Ikaja barua pepe ya pili, fupi, "Mama, ulipata ujumbe wangu?" Nikaifunga simu nikaenda kupalilia. Ya tatu haikuja, na kutokuja kwake kukaninyima usingizi kuliko zile mbili, mpaka asubuhi moja nikaandika barua ya Kiingereza kwa mkono, nikachukua baiskeli, nikaenda kwa Mzee Ng'wandu.

Nilimkuta anafunga kamba jembe la ng'ombe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaingia ndani kuleta muhuri wake kwenye mfuko wa rambo. Akaikunjua barua, akaigeuzageuza, akanirudishia. "Nisomee kwa Kiswahili, Mwalimu."

Nikaanza kutafsiri. Mimi katibu wa kikundi nilichuma vitumba vinne vya pamba bila ruhusa. Mwongozaji alikuwa ametukataza. Nilipoulizwa nilisema uongo kwamba aliniruhusu. Sauti yangu niliisikia kama ya mtoto anayesoma ubaoni.

"Rudia hapo mwisho," akasema.

Nikarudia.

Akaupulizia muhuri, akaugonga, akaweka dole gumba lake pembeni ingawa sikumwambia. Kisha akasema bila hasira yoyote, "Ungenigeukia pale pale ukaniambia kwa Kisukuma, ningesema nimechukua mimi. Mzee kama mimi, asiyejua kusoma, wangemfanya nini?"

Alivyosema, nilijua ni kweli angesema hivyo, tena bila kuniuliza kwa nini. Nililia pale mbele ya jembe lake, naye akaendelea kufunga kamba.

Barua nikaipiga picha nikaituma siku hiyo hiyo kutoka dukani Mhunze. Jibu likaja baada ya siku tatu. Alisema anashukuru, barua ameipeleka na wameipokea, ila nafasi yake alishapewa mtu mwingine zamani, na sasa yeye anashona nguo nyumbani na mama yake. Nikamwandikia mara tatu kuomba msamaha. Hajajibu, na sina haki ya kumdai jibu.

Basi ndiyo maana juzi mliponipendekeza niongoze tena safari nikasema hapana, mkadhani naogopa kanga. Nimeapa sitachukua tena kitu shambani kwa mtu, hata kwa kusifia, hata punje moja, lakini hicho ni kiapo chepesi. Kigumu ni kile kingine, kwamba siku nikiulizwa nani kafanya nitajitaja mimi kabla ya mtu yeyote. Nimekiapa, ila sijui kama nitakiweza, kwa sababu tangu siku ile hakuna aliyeniuliza tena.