Mishale Miwili ya Gari la Baba

Mafundi wa Katwe wana dawa moja tu ya gari linalochemsha. Wanang'oa thamostati, kile kifaa kidogo kinachozuia maji yasikimbilie kwenye rejeta kabla injini haijapata joto, halafu wanaitupa kwenye rundo la vyuma chakavu. Hawaulizi kama gari linachemsha kweli. Ukihoji, wanakuambia Uganda hakuna baridi, kifaa hicho ni cha Wazungu. Nimeisikia hoja hiyo kwa mafundi watatu, kila mmoja akiitoa kwa sura ya daktari bingwa, na nikawadharau wote kwa usawa.

Gari lenyewe lilikuwa la baba yangu, na lilinizidi umri. Baba ni polisi mstaafu kutoka kaskazini, na utumishi wake wote ulikuwa kuwaendesha wakubwa. Alituambia tangu tukiwa wadogo kwamba kiti cha mbele ni cha mtu anayelijua gari. Asiyejua kitu akae nyuma, ndiyo maana wakubwa wote hukaa nyuma. Siku hizi anaishi Kyebando, na kila Jumapili alikuwa akiendesha mwenyewe kwenda kanisani, shati limenyooshwa kana kwamba bado kuna gwaride. Nyumbani alikuwa mzee mwenye magoti mabovu. Akishika usukani alikuwa dereva, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

Mwaka jana nililichukua gari nikalipaka rangi upya, zawadi yangu kwake. Nje walipaka watu wa gereji. Ndani sikumwamini mtu. Niling'oa dashibodi mwenyewe, nikaona bati la nyuma yake limeshika kutu, nikalipaka rangi nyeusi tabaka tatu, nikafunga kila kitu mahali pake. Nilijisifu ofisini wiki nzima.

Hazikupita siku nyingi, mshale wa joto ukaanza kupanda hadi kwenye nyekundu. Jumapili moja nilimkuta baba akiingia uani kutoka kanisani, mshale uko juu kabisa, naye ametulia tu. Nikasema basi, mzee haoni tena. Nikamwambia ataiua injini. Yeye akafungua boneti na kufanya alichofundishwa kambini enzi hizo: akaufinya mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja. Ukiwa mgumu kama jiwe, maji yanachemka. Ukibonyea, injini iko salama.

"Motoka haichemki," alisema. "Mimi nimeshika kwa mkono. Hii mshale ndio inadanganya."

Nilicheka. Nilimwambia geji ni sayansi, kiganja ni ushirikina wa kambini. Nikachukua funguo mbele ya mama, nikaenda na gari kwangu Bugolobi. Baba alikuwa ameshafunga boneti na kuingia ndani, na mimi nikadhani amekubali.

Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani, wala ile nyingine. Mama alinipigia simu akasema baba anaoga, anavaa lile shati, anakaa barazani mpaka misa iishe, kisha anabadilisha nguo. Nilimjibu kwamba bodaboda zipo. Naona aibu kuliandika jibu hilo, lakini ndilo nililotoa.

Basi nikazunguka Katwe. Wa kwanza aling'oa thamostati. Wa pili aliisifu kazi hiyo, akabadilisha sensa ya joto, na mshale haukusogea. Wa tatu alitafuta thamostati aing'oe, akasikitika kukuta mwenzake amemtangulia. Mshale ulibaki kwenye nyekundu. Jambo moja tu lilinifurahisha: mshale wa petroli nao ulikuwa unasoma tanki limejaa siku zote, tangu wiki ile ile. Mimi, msomi, niliona gari limeanza kula petroli kidogo.

Likazimika katikati ya barabara ya Jinja, mchana wa jua kali, mshale wa petroli ukisema limejaa. Tanki lilikuwa kavu. Nilimpigia yule fundi wa tatu.

"Ssebo, hayo ni magonjwa mbili," akasema kwa heshima zote. "Tanki iko na yake, moto iko na yake."

Nilikata simu nikamtukana peke yangu. Mishale miwili imepanda pamoja, wiki moja, na mtu anakuambia magonjwa mawili. Hapo ndipo nilipojisikia nikisema "wiki moja," nikajiuliza ni wiki gani. Ilikuwa ile ile niliyojisifu ofisini kwa kufunga dashibodi. Nilikuwa na waya mrefu kwenye buti. Ncha moja nikaifunga kwenye hasi ya betri, nyingine nikaipitisha dirishani na kuigusisha kwenye bati la dashibodi, swichi ikiwa imewashwa. Mishale yote miwili ikashuka. Wa petroli ukalala kwenye sifuri. Wa joto ukashuka mpaka chini ya nusu, kwa sababu injini isiyo na thamostati haipati hata joto lake la haki.

Jioni nilifungua dashibodi. Waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ulikuwa umefungwa vizuri sana, nati imekazwa, juu ya rangi yangu nyeusi. Bila athi, kidhibiti cha geji huachia umeme kupita kiasi na mishale yote hupanda. Rangi haipitishi umeme. Hilo linafundishwa shuleni, na mimi nilifaulu. Nikakwangua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, nikafunga upya. Nikanunua thamostati nyingine nikairudisha.

Jumapili nilifika Kyebando mapema. Baba alikuwa barazani, ameshavaa. Nikamweleza yote kwa kirefu, athi, bati na msasa, kama vile mimi ndiye niliyegundua jambo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua boneti, akaufinya ule mpira, akafunga, akanyoosha mkono. Nikampa funguo.

Mama akatoka na mkoba wake. Mimi nilikuwa nimeshafungua mlango wa mbele. Baba akaja upande wangu, taratibu kwa sababu ya magoti, akaushikilia mlango, mama akaingia, akaufunga. Halafu akafungua wa nyuma na kusimama wima pembeni, kama alivyosimama miaka yote ya kazi yake.

"Mkubwa," aliniambia, "kaa nyuma."

Nikaingia, nikakaa.